Msumeno Juu ya Mafiga

Niliondoka Songea asubuhi moja ya juzijuzi bila kujua naenda wapi. Mama alikuwa anafagia uwanja. Aliponiona na kibegi begani akaegemea ufagio, akanitazama. Aliacha kuniuliza ninakokwenda zamani sana. Aliingia ndani akatoka na viazi vitamu vya kuchemsha, kavifunga kwenye gazeti, akanikabidhi, kisha akaendelea kufagia kana kwamba nimekwenda kisimani. Stendi nilikuta basi la Tunduru limeshawasha injini, nikapanda. Lingekuwa la Mbinga, ningepanda la Mbinga.

Tulipoiacha Namtumbo nyuma, dereva alisimama porini ili watu wachimbe dawa, wanaume upande huu wa barabara, wanawake upande ule. Nilikuwa narudi, bado nimo kwenye majani marefu, niliposikia mtu ndani ya miti akivuta kamba ya msumeno wa moto, huu ambao kwetu tunauita chenso. Alivuta, ikakohoa. Alivuta tena, ikakohoa. Mara ikawaka, ikanguruma kama inayotaka kuangusha pori zima, halafu ikanyamaza ghafla, kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha sufuria motoni. Baada ya hapo ndipo harufu ikanifikia: petroli iliyochanganywa na oili, moshi wa bluu wenye utamu kidogo, ule unaokaa nyuma ya koo.

Nilisimama pale nikitabasamu peke yangu mpaka konda akapaza sauti, "Dada wa kibegi, pori hilo unataka kulinunua?" Abiria wakacheka, nikapanda. Ningewezaje kumweleza kwamba huyo mgonjwa aliyekuwa anakohoa ndani ya miti nilikuwa namfahamu? Tuliwahi kukaa naye nyumba moja.

Nyumba yenyewe iko Mshangano, upande mmoja wa Songea. Siku hizi mji umeifikia, lakini nilipokuwa mtoto tulikuwa pembeni hasa, mahindi mbele, milingoti, yaani mikaratusi, nyuma, na barabara ya vumbi jekundu lililopaka rangi soksi zangu za shule hata zikasahau kwamba zilinunuliwa nyeupe. Baba alikuwa mpasua mbao. Kila alfajiri, kabla ya kwenda kazini, aliiwasha chenso uwanjani kuisikiliza kidogo, na majirani walijua saa kwa sauti hiyo. Mimi niliijua kabla sijajua kusoma. Nikiwa bado ndani ya blanketi niliweza kusema kama leo imeamka vizuri au imeamka na kinyongo.

Siku za kinyongo Baba hakwenda popote. Alitandika gunia nyuma ya jiko, akachuchumaa, na Mama akakaa kando yake kumpa vifaa. Baba alikuwa na msemo wake, akiurudia kila mara kama mtu anayesali rozari. Alisema mashine ni kama mtoto mchanga: ikilia inadai kimoja kati ya vitatu, moto, mafuta au pumzi. Usiipige, alisema. Iulize.

Baba alifariki nilipokuwa darasa la tatu. Aliugua kifua, muda si mrefu, akaondoka. Sitasema mengi juu ya msiba, kwa sababu mtoto msibani huona miguu ya watu wazima tu, na chakula kingi. Ninachokumbuka ni jambo la chenso.

Kwetu, mtu akifariki, vyombo vyake vya kazi havishikwi mpaka matanga yaanuliwe. Jembe lake hulazwa, panga lake hulazwa, hata kama magugu yanafika kiunoni. Aliyesimamia mila hiyo nyumbani alikuwa Bibi, mama yake Baba, tuliyekuwa tukiishi naye. Chenso ikawa shida. Chumbani walilala waombolezaji. Stoo ilikuwa na mchwa. Uwanjani kuna wezi. Bibi alifikiri, kisha akaipeleka mahali ambapo mwanamke yeyote mwenye akili huweka kitu asichotaka kipotee: kwenye uchaga wa jikoni, juu ya mafiga.

Kama hukulelewa huku kwetu, uchaga ni kichanja cha miti kinachoning'inia juu ya moto wa kupikia. Pale ndipo hukaa mahindi ya mbegu, yamefungwa mafungu mafungu, moshi ukiyapaka masizi ili dumuzi wasiyaguse. Mbegu ikikaa pale, mvua za kwanza zikija, inaota. Bibi hakuwa mjinga. Kwanza aliigeuza chenso na kuimwaga petroli yote mpaka tone la mwisho, ndipo akaipandisha kati ya mafungu ya mahindi. Nilipomuuliza kama haitaharibika, alinijibu kwa utani wake wa kawaida. Bibi aliniita mke mwenza.

"Mke mwenza, mbegu zangu zinakaa hapo mwaka mzima na zinaota. Hii nayo itaota."

Ikakaa. Kiangazi kikapita, mvua zikaja, ikawa nyeusi kama samaki wa kukausha. Kila nikisonga ugali nilikuwa naiona imening'iniza mnyororo wake, na mara nyingine tone la oili nzito lilidondoka kwenye jivu likafuka.

Matanga yalipoanuliwa, wazee wa ukoo walitoka Hanga, kijijini wanakokaa ndugu za Baba. Pombe ilipikwa, vitu vya marehemu vikagawiwa: koti, baiskeli, panga. Nyumba haikubishaniwa, kwani Bibi alikuwa anaishi humo na hakuna aliyekuwa na ubavu wa kumhamisha Bibi. Ubishi ulikuwa juu ya chenso. Wengine walitaka iuzwe siku ileile. Wengine walisema ni ya Baba Mkubwa Meinradi, kaka yake Baba, kwa kuwa ndiye aliyemfundisha kupasua mbao na yake mwenyewe ilikuwa imechoka.

Baba Mkubwa alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye maneno machache. Masikio yake yalikuwa yameharibiwa na ngurumo za kazi, kwa hiyo alipoongea alitoa sauti kubwa na aliposikiliza alikunja uso, na mtoto kama mimi aliona kwamba amekasirika muda wote. Aliagiza chenso ishushwe. Akavuta kamba. Kimya. Akavuta tena. Kimya. Akapangusa masizi kwenye suruali, akaizungusha mkononi, akaichungulia upande wa tenki kwa muda, kisha akaiweka chini mbele ya Mama.

"Chombo hukaa na anayekiweza," alisema. "Mavuno yakiisha nitakuja. Nikikuta inanguruma, shemeji, ni yako. Nikikuta imekufa, naibeba."

Wazee walicheka. Mmoja wao, babu mwenye kofia ya pama ambayo hakuivua hata wakati wa sala, akaongeza sharti: iwe kwa mkono wake mwenyewe. Fundi akigusa, au ndugu akigusa, basi si yake. Wote wakakubali upesi, kama watu wanaokubali kushindana mbio na kuku aliyefungwa miguu. Mama alisema neno moja tu, "Nimesikia." Akaenda kuwapakulia.

Jioni ile tukiosha vyombo alinieleza jambo lenyewe lilivyo. Chenso ikibaki, atawapa wapasuaji waifanyie kazi, wamletee fungu lake la mbao, na sisi tutaishi. Chenso ikienda Hanga, na sisi tutaifuata, tukakae uwanjani kwa Baba Mkubwa, kwa sababu shamba letu peke yake lisingetutosha. Nilikuwa nimefika Hanga mara moja. Nilikumbuka kengele ya monasteri, mbwa wa Baba Mkubwa, na uso wa Baba Mkubwa. Katika hivyo vitatu nilichokipenda ni kengele tu.

Basi Mama alitandika gunia palepale nyuma ya jiko. Alifanya kazi hiyo akitoka shambani, jua likiwa limelegea, na mimi kando yake mahali alipokuwa akikaa yeye zamani. Bibi aliweka kigoda karibu, si kusaidia, bali kutoa maoni. Masizi na oili vilikuwa vimegandana vikawa gamba, tukalikwangua kwa kisu cha mboga na kusugua kona zake kwa mswaki wa Baba. Bibi alitutazama tukisugua, akasema, "Mkimaliza mmpake na mafuta, mmpeleke kanisani."

Tulianza kuuliza, kama Baba alivyosema. Kwanza moto. Mama alifungua plagi, akairudisha kwenye waya wake, akaniambia niishike iguse chuma cha silinda huku yeye akivuta kamba. Sikuwa nimeambiwa niishike wapi. Kitu kilinipiga kutoka vidoleni hadi kwenye kiwiko, nikairusha plagi kwenye majivu. Bibi akafanya ishara ya msalaba, akasema mwanawe amenisalimia. Mara ya pili niliishika kwa kitambaa kikavu. Lakini jua lilikuwa bado kali, hatukuona kitu, mpaka Mama akavua kanga yake ya begani akatufunika nayo sote wawili, vichwa vyetu na mashine. Ndani ya kiza kile chenye harufu ya jasho na sabuni na petroli akavuta, na pale kwenye ncha ya plagi nikaona cheche ya bluu, ndogo kuliko punje ya ulezi. Akavuta tena, ikaja tena. Nimeona mambo mengi tangu siku ile, hata mawe ya vito yanayogombaniwa na watu wazima, lakini sijaona kitu kilichonishika hivyo. Nadhani shule iliniponyoka hapo. Ubao haukuwa na kitu cha kushindana na cheche ile.

Moto upo. Tukauliza pumzi. Chujio la hewa lilikuwa limejaa masizi mpaka halionekani kama chujio. Mama alilifua kwa sabuni ya mche, akalianika kwenye kamba kando ya sare yangu ya shule. Mdomo wa eksozi tukauchokonoa kwa kijiti. Tukauliza mafuta. Petroli Mama aliinunua kwenye chupa ya soda, akaichanganya na oili kwa kukumbuka rangi, maana Baba alipima kwa kizibo na kizibo kilishapotea. Aliinua chupa juani, akaongeza kidogo, akaitikisa, akainua tena, mpaka ikawa rangi aliyoizoea kwa macho.

Halafu akavuta kamba. Alivuta jioni hiyo na jioni nyingine kadhaa, mpaka viganja vikatoka malengelenge, na mtu aliyezoea jembe kutoka malengelenge si jambo dogo. Siku ilipowaka, jirani yetu wa upande wa juu alitoka nje mbio, akasimama mlangoni kashika kifua. Alidhani ni Baba. Lakini kabla hajamaliza kushangaa, ikafa. Tukaiwasha, ikanguruma, ikafa. Tukiilaza ubavu iliishi kidogo zaidi, kama mgonjwa anayepata nafuu akigeuzwa, halafu ikafa. Mama akafungua kabureta, skrubu zake akazipanga kwenye ungo kwa mpangilio wa kutoka. Gundi ya petroli ya zamani ilikuwa imeziba vitundu, tukavisafisha kwa unyoya wa kuku uliochovywa kwenye petroli safi. Jogoo wetu alitembea bila heshima muda mrefu. Tukarudisha kila kitu. Ikawaka. Ikafa.

Wakati huo mahindi yalikuwa yameshaanza kuvunwa. Kila gunia lililoingia uwanjani lilikuwa linamsogeza Baba Mkubwa karibu. Mama alipunguza maneno. Jioni moja aliketi tu mbele ya chenso, mikono mapajani, akasema taratibu, si kwangu wala kwa Bibi, "Una moto. Una pumzi. Mafuta nimekupa. Unataka nini tena?" Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akikaribia kulia tangu msiba uishe.

Jibu lilitoka kwa Bibi, ingawa Bibi hakukusudia. Alikuwa anachagua mbegu ya mwaka unaofuata, akashusha mafungu ya zamani kutoka kwenye uchaga ili apate nafasi. Mafungu aliyafunga kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli. Kila alipogusa kipande, kilikatika chenyewe kama muhogo mkavu, na mahindi yakamwagika sakafuni. Akalalamika kwamba mipira ya siku hizi haina maana. Mimi kazi yangu ilikuwa kuokota, na mimi sijawahi kuokota kitu nisikichunguze. Nilichukua kipande kilichotoka juu ya moto, nikakivuta, kikavunjika. Nikachukua kingine kilichokuwa kimening'inia nyuma ya mlango, kimekatwa kutoka kwenye mpira uleule, nikakivuta, kikarefuka na kurudi. Nikarudia, kwa sababu ilinifurahisha. Kisha nikatoka nje nikiwa na vyote viwili mkononi.

"Mama, mpira wa juu umekufa. Wa chini mzima."

Mama alinitazama bila kuelewa. Halafu akaitazama chenso. Akapitisha kidole nyuma ya tenki, mahali ambapo kuna kijimpira chembamba kinachopeleka mafuta kwenye kabureta, akakichomoa polepole. Kwa kukitazama kilikuwa kizima. Alipokikunja, nyufa zikafunguka kama midomo midogo. Akajaza maji kwenye bakuli, akaziba ncha moja kwa kidole, akanipa nyingine nipulize, kama mafundi wa baiskeli wanavyotafuta pancha. Mapovu yakatoka kila mahali. Kinywa changu kilibaki na ladha ya petroli. Hata togwa ilikuwa petroli, hata komunyo Jumapili nadhani ningeiona petroli kama ningekuwa nimefikia umri wa kuipokea.

"Inakunywa upepo," Mama alisema. "Maskini. Inanyonya upepo wakati wote huu."

Bibi alipoambiwa kwamba uchaga wake ndio uliokausha mpira, alinuna. Alisema mbegu zake hazijawahi kulalamika. Aliingia ndani, akakaa, kisha akatoka na mahindi ya kuchoma akampa Mama kubwa kuliko la kwangu, na kwa Bibi huo ndio ulikuwa msamaha, wa kuomba au wa kutoa sikujua.

Ugonjwa tukawa tumeujua, dawa hatuna. Mama alizunguka maduka ya vipuri mjini akitafuta kijimpira chembamba namna ile. Alivyoletewa vilikuwa vinene, au vigumu, au ni vya chenso nyingine. Alijaribu kukizungushia utepe kile cha zamani, petroli ikauyeyusha. Tulikuwa katika hali hiyo, na magunia ya mwisho yako bado shambani, Baba Mkubwa alipoingia uwanjani na pikipiki yake, mapema kuliko tulivyomtarajia.

Nilimwamkia shikamoo, kisha nikakimbia nyuma ya jiko nikaikalia chenso. Nilikuwa na hesabu zangu: mtu hawezi kubeba kitu kilichokaliwa. Alisalimiana na Bibi, akanywa maji, akazunguka na kunikuta.

"Huyu naye ni kipuri?" akauliza.

Mama hakucheka. Mimi sikuinuka. Baba Mkubwa akakunja uso namna ile ya kusikiliza.

"Inanguruma?"

"Inanguruma, shemeji. Haikai."

"Moto?"

"Upo."

"Pumzi?"

"Ipo."

"Mafuta?"

"Yamo, lakini inakunywa upepo." Ilibidi Mama arudie kwa sauti, na nina hakika jirani wa upande wa juu alisikia habari zetu zote. Akamkunjia kile kijimpira mbele ya macho. Baba Mkubwa alikitazama mara moja bila kukigusa, akaona nyufa. Alikwenda kwenye pikipiki yake, akachuchumaa, akachomoa moja ya mipira myembamba inayoning'inia chini ya kabureta, ile ya kudondoshea petroli iliyozidi. Akatoa kisu mfukoni, akakata kipande, akakitupa. Hakumpa mkononi. Kilianguka kwenye vumbi mbele ya miguu ya Mama.

"Nimekuja kubeba, sikuja kutengeneza," alisema. "Kama unaweza, tengeneza mwenyewe."

Kisha akatugeuzia mgongo. Akasimama akiitazama barabara, mikono nyuma, kama askari wa lindo, na hakugeuka tena.

Sijui kama nimewahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia Baba Mkubwa wakati ule. Mama aliinama, akakiokota kipande, akakifuta kwa pindo la kanga. Nikainuka kumpisha. Kilikuwa kinene kidogo, kikagoma kupita kwenye tundu la tenki. Bibi, bila kuambiwa, alitoka na maji ya moto kwenye kata, akayaweka kando yangu na kurudi ndani. Mama alikiloweka kikalainika, akakipaka sabuni, akakisokota huku akikisukuma, taratibu, kama mtu anayepitisha uzi kwenye sindano ya gunia. Kikapita. Akakivuta upande wa pili kwa ncha ya mkasi, akakiunga kwenye kabureta, akajaza petroli. Nilisogea kando ili apate kuikanyaga mpini.

Akavuta. Ikakohoa. Akavuta. Ikakohoa. Akavuta tena, ikawaka, nami nikafumba macho nikisubiri ife kama tulivyozoea. Haikufa. Nilifumbua jicho moja. Ilikuwa inanguruma pale chini, taratibu, pepe pepe pepe, ikitetemesha vumbi, na moshi wa bluu unapanda kwenye paa la jiko. Ilikuwa sauti ya alfajiri zetu, saa tisa alasiri.

Baba Mkubwa aligeuka. Akanyoosha kidevu kuelekea gogo la mlingoti ambalo Baba aliliacha karibu na choo. Mama hakuwa amewahi kukata hata tawi kwa chenso; alikuwa ametazama tu, miaka yote. Alitanua miguu kama Baba, akainamisha bega la kulia kama Baba, akalishusha bao la msumeno, ule ulimi wenye mnyororo, kwenye gogo. Unga wa mti ukaruka ukajaa kwenye kanga yake, na harufu ya mlingoti, ile ya dawa ya mafua, ikaenea uwanja mzima. Kipande kilipodondoka, chenso ilikuwa bado inanguruma. Baba Mkubwa akainua mkono: basi.

"Mama," alimwambia Bibi, "mimi sina cha kubeba."

Bibi alimwomba walau ale. Akamwuliza tangu lini mtoto anakataa ugali wa mama yake. Baba Mkubwa akasema njia ni ndefu, akapiga pikipiki kiki, akaondoka akiacha matone ya petroli kwenye vumbi. Mimi nilisema kwa sauti kwamba amekasirika kwa sababu ameshindwa. Mama alisimama akiangalia barabara mpaka vumbi lilipotulia, kisha akaniambia niokote vifaa.

Hatukwenda Hanga. Chenso ilifanya kazi miaka mingi mikononi mwa wapasuaji, Mama akapewa jina la Mama Chenso, na kila ilipolala na kinyongo waliileta nyuma ya jiko aiulize mwenyewe. Haikupandishwa tena kwenye uchaga. Mimi niliacha shule mapema, nikaanza kutembea, Mbinga, Tunduru, Masasi, nikifanya kazi hii na ile, nikiangalia vitu vinavyofanya kazi na vilivyoacha kufanya.

Nilikuwa mtu mzima, nimetokea safarini, nilipofika Hanga kumzika Baba Mkubwa. Mchana, baada ya mazishi, babu wa kofia ya pama, sasa amezeeka kabisa na kofia nayo, alikuwa anawasimulia vijana jinsi marehemu alivyokuwa mtu wa kiapo. Alisema mwaka ule Meinradi aliporudi Hanga mikono mitupu, wazee hawakuamini. Walimsimamisha, wakamtaka aape kwa kaburi la baba yake kwamba mwanamke yule hakusaidiwa. Naye akaapa: mkono wake haukuigusa mashine, hakumpa shemeji yake kitu mkononi, na macho yake hayakuona ilivyotengenezwa, isipokuwa aliisikia ikiwaka. Wakakubali kiapo. Walimcheka tu, kwa sababu chenso yake mwenyewe ilikufa mwaka huohuo, akarudia msumeno wa mkono, wa kuvuta watu wawili, mmoja juu na mmoja chini, mpaka mgongo ulipomkatalia.

Nilitoka pale nikaenda nyuma ya nyumba, nikasimama. Angekiweka kile kipande mkononi mwa Mama, kingekuwa msaada wa ndugu, na chenso isingekuwa yetu. Alipokitupa kwenye vumbi, kikawa mpira uliookotwa. Na mgongo ule niliouchukia ulikuwa ni macho yaliyokataa kuona, ili mdomo upate kuapa bila kudanganya.

Niliporudi Mshangano nilimweleza Mama ugunduzi wangu, nikiwa nimejaa fahari kama mtu anayeleta habari mpya. Aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Ulidhani siku ile nilikuwa naangalia nini barabarani?"

Basi nililopanda Songea liliingia Tunduru alasiri. Sikuwa na mwenyeji. Niliuliza nyumba ya wageni ya bei ya kawaida, nikaelekezwa kwa mama mmoja wa makamo, kajitanda ushungi wa kahawia, aliyekuwa anakaanga korosho uani huku akiongea na paka. Alinikaribisha, akanionyesha chumba: kitanda, chandarua, dirisha linaloangalia mikorosho. Nikakipenda. Akaniuliza nimetoka wapi, nikasema leo nimetoka Songea, wiki iliyopita nilikuwa Mbinga, na kabla ya hapo siku nyingi nilikuwa Masasi.

"Sikuulizi gari, mwanangu," alisema. "Kwenu wapi?"

"Mshangano," nikamjibu.

Lilitoka haraka kuliko nilivyotegemea. Nimelala miji mingi, na nimekutana barabarani na watu wanaozunguka kama mimi, ambao swali hilo huwafanya wainamishe kichwa na kutafuta maneno. Mimi halijawahi kunisumbua, na kwa miaka mingi nilidhani ni kwa sababu sijali mambo ya kwetu. Kumbe kuna mwanamke alivuta kamba mpaka viganja vikatoka malengelenge, na mwanaume aliyegeuka akaitazama barabara, ili mimi niwe na la kujibu mlangoni kwa watu.

"Alhamdulillahi, una kwenu," yule mama akasema, akanipa ufunguo.